Hii ni muvi ya aina gani?

Januari 2016, kwenye tuzo za Golden Globe, zawadi ya filamu bora ya muziki au vichekesho ilikwenda kwa The Martian ya Ridley Scott. Ni kisa cha mwanaanga aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mars baada ya wenzake kudhani amekufa. Hakuna anayeimba humo. Mtu anajichomoa kipande cha chuma tumboni kwa mikono yake mwenyewe, anahesabu chakula kilichobaki, kisha analima viazi kwa mbolea ya kinyesi ili asife njaa. Ni kweli anatania sana mbele ya kamera, utani wa mtu ambaye akinyamaza tu atalia. Matt Damon, aliyeigiza nafasi hiyo, naye akaondoka na tuzo ya mwigizaji bora wa fungu hilohilo.

Watu walicheka, ila waliyemcheka ni mtoa tuzo. Hata hivyo hakuna karani aliyekosea. Wenye filamu ndio wanaoiombea nafasi kwenye fungu wanalolitaka, na mwaka ule upande wa drama ulikuwa na The Revenant na Spotlight, mahali pagumu pa kupenya. Baadaye waandaaji walirekebisha kanuni zao: drama yenye utani ndani yake ishindane na drama.

Kisa hiki hunivutia kwa sababu hakuna aliyesema uongo. Anayesema ni vichekesho anahesabu vicheko vya ukumbini. Anayesema ni bunilizi ya kisayansi anatazama Mars, maroketi na hesabu za oksijeni. Anayesema ni drama anamtazama binadamu anayepigania roho yake. Kila mmoja kashika rula yake. Ukifuatilia ugomvi wa aina za filamu, kuanzia kwenye sherehe za tuzo hadi kwenye makochi tunapogombania rimoti, utakuta mara nyingi watu wamekubaliana kuhusu filamu yenyewe. Wasichokubaliana ni ipimwe kwa rula ipi.

Chukua majina tunayoyatumia kila siku. Filamu ya kikauboi inatambulishwa na mahali na wakati: magharibi ya Marekani, hasa nusu ya pili ya karne ya 19, farasi, bastola, mji wenye barabara moja ya vumbi. Filamu ya kutisha haina mahali wala wakati wake. Inatambulishwa na kinachokupata wewe uliyekaa kitini. Vichekesho vilevile. Filamu ya muziki na katuni zinatambulishwa na namna zilivyosimuliwa au kutengenezwa. Za vita, za michezo na za mahakamani zinakwenda kwa mada. Dokumentari inatambulishwa na dai lake kwamba haya yalitokea kweli. Halafu ipo drama, ambayo kwa maoni yangu si aina kabisa. Ni pale panapowekwa kila kilichokosa pa kukaa. Ni kama mtu aliyepanga kabati kwa kuweka nguo nyekundu droo ya kwanza, nguo za mtoto droo ya pili na nguo za pamba droo ya tatu, halafu kila asubuhi anahangaika kutafuta kifulana chekundu cha pamba cha mtoto.

Wanaoonewa zaidi na kabati hili ni watengenezaji wa katuni. Aprili 1988, huko Japani, Studio Ghibli ilitoa filamu mbili siku moja, zikaonyeshwa pamoja kwa watazamaji walewale. Moja ni My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki: wasichana wawili wanahamia shamba na kukutana na kiumbe cha msituni chenye tumbo kubwa kiasi kwamba mtoto analala juu yake. Nyingine ni Grave of the Fireflies ya Isao Takahata. Hiyo inaanza na kijana anayekufa kwa njaa kwenye kituo cha treni mwaka 1945, kisha inarudi nyuma kutuonyesha yeye na mdogo wake wa kike walivyofika hapo baada ya mabomu ya moto kumuua mama yao. Mtazamaji anajua mwisho tangu dakika za mwanzo, na bado anaketi akitumaini. Filamu hizi mbili zinafanana kitu kimoja tu, kwamba zilichorwa. Lakini nenda popote filamu zinapopangwa na utazikuta zimekaa bega kwa bega, na mzazi asiye na habari anaweza kumwekea mtoto wa miaka mitano hiyo ya pili. Guillermo del Toro, alipopokea Oscar ya filamu ya katuni mwaka 2023, alitumia muda wake jukwaani kusema kwamba katuni ni sinema, wala si aina ya filamu. Namuunga mkono kwa mikono miwili. Kama bado una shaka, tafuta Waltz with Bashir ya mwaka 2008, ya Ari Folman, ambayo ni katuni, ni dokumentari, na ni filamu ya vita ya Lebanon ya 1982, vyote kwa wakati mmoja na bila kujikanyaga.

Rula hizi zina watu waliozitengeneza, na wa kwanza walikuwa wauzaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Pathé ya Ufaransa iligawa katalogi yake kwa mafungu: mandhari ya nje, vichekesho, mazingaombwe ya kamera, historia, dini, dansi, hata fungu la mengineyo. Mwenye ukumbi alihitaji kupanga jioni iliyochanganyika, kidogo cha kuchekesha na kidogo cha kushangaza, na mafungu yalimrahisishia kuagiza. Mtazamaji hakuulizwa.

Mwaka 1903 kampuni ya Edison ilitoa The Great Train Robbery ya Edwin S. Porter, filamu ya dakika kama 12. Leo hukosi kuikuta kwenye orodha za filamu za mwanzo kabisa za kikauboi. Sehemu kubwa ilipigwa New Jersey, mashariki ya Marekani, na watu waliokwenda kuitazama walikuwa wamezoea filamu za uhalifu, za kukimbizana na za safari za treni. Waliipokea kama mojawapo ya hizo. Kuna kile kipande maarufu ambapo jambazi anaielekeza bastola kwenye kamera na kufyatua. Katalogi iliwaambia wenye kumbi wakiweke mwanzoni au mwishoni, watakavyo wenyewe. Sasa fikiria: filamu ambayo hata haijaamua mwisho wake ni upi, sisi tumekwisha kuiamulia ukoo.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, umagharibi ulikuwa sifa tu ya kuongezea kwenye kitu kingine: melodrama ya magharibi, kichekesho cha magharibi. Mwanazuoni Rick Altman, katika kitabu chake Film/Genre cha mwaka 1999, alionyesha kwamba aina nyingi zimepita njia hiyohiyo. Sifa inaanza kwa kuegemea aina iliyokwishajulikana, inazoeleka, mwisho inasimama peke yake kama jina, na hapo ndipo watu wanarudi nyuma kuzikusanya filamu za zamani na kuzibatiza upya.

Mara nyingine anayebatiza yuko mbali kabisa na kisima cha ubatizo. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, filamu mpya za Marekani hazikuwa zikiingia. Mwaka 1946 zikamiminika Paris kwa mkupuo, zikiwamo The Maltese Falcon, Laura na Double Indemnity. Mhakiki Nino Frank alizitazama karibu karibu hivyo, akaona kitu ambacho Mmarekani aliyezitazama moja moja kwa miaka hakukiona: giza jingi, vivuli vya mapazia ya dirisha vikimchana mtu usoni, wanaume wanaojua wanakwenda kuangamia na bado wanakwenda. Akaziita filamu nyeusi, film noir. Billy Wilder alipokuwa akitengeneza Double Indemnity, iliyotoka mwaka 1944, hakuwa anatengeneza filamu ya aina hiyo, kwa kuwa aina hiyo haikuwapo. Alikuwa anatengeneza filamu ya uhalifu kuhusu wakala wa bima.

Filamu hiyo ndiyo iliyonipa rula ninayoitumia mimi. Dakika za mwanzo tu, wakala anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha la risasi, anakaa, anawasha mashine ya kurekodia sauti na kukiri kwamba ameua, na kwamba hakupata pesa wala mwanamke. Muuaji tumemjua, matokeo tumeyajua. Kwa hiyo swali la nani kaua, ambalo lingeifanya kuwa filamu ya upelelezi, limeondolewa mezani kabla mtazamaji hajalishika. Linabaki swali jingine: imekuwaje mtu mwenye akili zake akajiingiza huku? Tangu hapo, nikiulizwa muvi fulani ni ya aina gani, sianzi na vilivyomo ndani yake. Naanza na swali ambalo filamu hiyo inanifanya niliulize nikiwa natazama.

Jaribu rula hiyo kwenye mpaka unaogombaniwa kuliko yote, ule wa filamu ya kutisha na filamu ya taharuki. Mwongozaji Alfred Hitchcock alimweleza mwongozaji mwenzake, François Truffaut, mfano ambao umerudiwa sana, na haujachuja. Watu wawili wanazungumza mezani, chini ya meza pana bomu. Ikiwa mtazamaji hajui, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde 15. Ikiwa alionyeshwa bomu likitegwa na saa ukutani anaiona, mazungumzo yaleyale ya kipuuzi yatamweka roho juu kwa dakika 15. Hiyo ndiyo taharuki, na swali lake ni moja: watawahi? Tunajua hatari ni ipi, iko wapi na itafika saa ngapi. Filamu ya kutisha inatunyima hayo yote. Swali lake ni: hiki ni kitu gani? Ndiyo maana jini likionyeshwa lote, kwenye mwanga, kichwa hadi miguu, hofu hupungua. Tumekwisha kulijua, na kuanzia hapo kilichobaki ni kukimbia tu.

Kwa rula hii, Alien ya mwaka 1979 haisumbui. Ina chombo cha anga, kompyuta na sayari ya mbali, na wauzaji wa filamu wataiweka kwenye sayansi. Lakini humo ndani hakuna anayeshughulishwa na sayansi. Tunauliza kile kitu kikoje sasa hivi, kimekua kiasi gani, kimejificha kwenye bomba lipi. Ni jumba la mashetani lililorushwa angani.

Hitchcock mwenyewe ndiye aliyelichezea jambo hili kwa ukatili kuliko wote. Psycho, 1960. Kwa karibu nusu ya filamu tunamfuata Marion Crane, aliyeigizwa na Janet Leigh, jina kubwa wakati ule. Ameiba dola 40,000 kazini, anaendesha gari kwenye mvua, polisi wa barabarani anamtilia shaka, anabadilisha gari. Swali tunalo na tunalikumbatia: atakamatwa? Hata tunaanza kumtakia heri, mwizi yule. Anafika kwenye moteli isiyo na wageni, anaingia bafuni kuoga, na anauawa.

Ukiwa umelelewa kwenye imani kwamba steringi hafi, hapo unabaki umeduwaa. Steringi kafa, na filamu bado inaendelea! Lakini pigo ninaloliona kubwa zaidi linafuata kimyakimya. Kijana wa moteli anasafisha chumba, anaukuta mkunjo wa gazeti, anautupa kwenye buti la gari pamoja na maiti, na kulizamisha gari kwenye bwawa la matope. Ndani ya gazeti lile ndimo zilimo dola 40,000. Hajui, wala hakufunua kutazama. Kitu kilichotuweka kitini kwa muda wote ule kinazama mbele ya macho yetu, na swali letu linazama nacho. Gari likikwama kidogo kabla ya kuzama lote, wengi hujikuta wanaomba lizame, kumaanisha wamekwisha kuhamia upande wa mtu mwingine na filamu nyingine. Waliingia kutazama kisa cha wizi, wakatoka wametazama filamu ya kutisha, na mahali pa kuvukia ni pale bwawani. Hitchcock aliwataka wenye kumbi wasimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza, na mtu aliyekuja kumwona Janet Leigh kwa kuchelewa saa moja angeelewa kwa nini.

Bong Joon-ho alifanya jambo la jamii hiyo kwenye Parasite mwaka 2019. Familia maskini inajipenyeza kwenye nyumba ya tajiri, tunacheka, swali ni kama watagundulika. Kisha usiku wa mvua kengele ya mlango inalia, ni yule mfanyakazi waliyemfukuzisha kazi, na kuanzia mlango ule kufunguliwa vicheko vinaanza kukwama kooni. Ukiniuliza ni vichekesho au taharuki, nitakuuliza kabla au baada ya kengele.

Rula ya swali ina faida nyingine: inavuka mipaka ya nchi, jambo ambalo mavazi hayawezi. Akira Kurosawa alitengeneza Seven Samurai mwaka 1954, wanakijiji wakiwakodi wapiganaji wa upanga wawalinde dhidi ya majambazi. Mwaka 1960 Wamarekani wakaichukua, panga zikawa bastola, ikaitwa The Magnificent Seven. Yojimbo yake ya mwaka 1961 ikaibukia kwa Sergio Leone wa Italia mwaka 1964 kama A Fistful of Dollars, tena bila ruhusa, hadi mambo yakafika kwa mawakili. Ukipima kwa farasi na kofia, hizo ni koo mbili zisizojuana. Ukipima kwa swali la kama wachache hawa, wasio na deni na mtu, watakufa kwa ajili ya watu wasiowahusu, ni kisa kimoja kilichobadilisha nguo.

Kisa hicho kiliendelea na safari hadi India. Kwenye Sholay ya Ramesh Sippy, 1975, askari mstaafu anawakodi wezi wawili wamkamate jambazi Gabbar Singh aliyekiangamiza kizazi chake. Wengi wameona humo damu ya Kurosawa na ya kikauboi. Ila filamu hiyo ya zaidi ya saa tatu ina nyimbo pia, ina mapenzi ya aina mbili, ina mkuu wa gereza wa kuchekesha asiyehusika na kisa hata chembe, na ina kile kipande ambapo shali inaanguka mabegani mwa askari na tunaona kwamba hana mikono. Wahindi huuita mtindo huo masala. Wahakiki wa nje walizoea kuuona kama mchanganyiko wa mtu aliyeshindwa kuchagua. Mimi nauona ni uamuzi mwingine tu: badala ya swali moja la saa mbili, maswali manne yanayopokezana, na jioni moja ya kuwatosha babu, mama, kijana na mtoto. Hapo ndipo rula yangu inapoanza kupinda, nakubali. Na ndiyo maana watu husema tu "filamu ya Kihindi" na kila mtu akaelewa ataona nini, ingawa nchi ya asili haikupaswa kuwa aina ya filamu hata kidogo.

Dokumentari nazo zina swali lao, "hivi ni kweli?", na jibu lake limekuwa na mikunjo tangu mwanzo. Nanook of the North ya Robert Flaherty, 1922, huhesabiwa miongoni mwa mababu wa aina hiyo. Mwindaji tunayemwona jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Nyumba ya barafu ya ndani ilijengwa nusu, upande mmoja wazi, ili mwanga uingie na kamera ienee. Walionyeshwa wakiwinda kwa mikuki ya jadi wakati bunduki walikuwa nazo.

Kuhusu alama za umri, herufi na namba zinazotangulia filamu, hizo ni jambo jingine kabisa na wengi huzichanganya na aina. Zinasema nani aingie, hazisemi ataona kisa gani. Japo Uingereza ya miaka ya 1930 ilivichanganya rasmi: palikuwa na alama ya H kwa ajili ya filamu za kutisha, hadi ilipofutwa mwaka 1951.

Anayeonekana kuwa na kabati lililonyooka siku hizi ni kompyuta. Mwaka 2014 mwandishi Alexis Madrigal wa jarida la The Atlantic alizihesabu aina ndogondogo zilizokuwa kwenye mfumo wa Netflix, akapata 76,897. Nyuma yake walikuwapo watu walioajiriwa kutazama filamu na kujaza fomu: nchi, muongo, mada, hisia, mhusika ni mtu wa maadili kiasi gani, mwisho ukoje. Mashine ikaviunganisha. Idadi inachekesha, ila kanuni yake ni safi kuliko yetu, maana kila rula inapimwa peke yake kabla ya kuunganishwa na nyingine. Tatizo langu nayo ni kwamba inajibu mtu anayependa nini, na mtu anayependa vitu vya namna ileile hapati nafasi ya kuzamishiwa dola 40,000 kwenye bwawa.

Ubaki ule mjadala wa kila mwisho wa mwaka: Die Hard ni filamu ya Krismasi au si ya Krismasi? Ilitoka Julai 1988, kwa hiyo kwa rula ya muuzaji hapana. Kisa chake ni mkesha wa Krismasi, kuna sherehe ya ofisi, na mume amesafiri kwenda kupatana na mkewe, kwa hiyo kwa rula ya wakati na mada ndiyo, bila ubishi. Kwa rula yangu, swali la filamu ile ni jinsi polisi mmoja asiye na viatu, miguu imechanika kwa vioo, atakavyolimaliza genge zima ghorofani. Hiyo ni aksheni. Hata ungeihamishia Pasaka, swali lingebaki vilevile, na vioo pia.